Taa Iliyozimika Njiani: Dereva Mgeni na Faini za Vifaa vya Gari katika Barabara ya Maneromango

Katika sheria za barabarani za Tanzania Bara, kosa la vifaa vya gari ni lile linalotokana na hali ya chombo chenyewe, wala si namna kinavyoendeshwa: taa ya breki isiyowaka, tairi lililokwisha mifereji, kioo cha mbele kilichopasuka, honi iliyokufa, au gari kutembea bila pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Msingi wake ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayojulikana katika juzuu za sheria kama Sura ya 168, na hasa kifungu chake cha 39, kinachotaka chombo cha moto pamoja na sehemu na vifaa vyake viwe katika hali inayokidhi masharti wakati wote kinapotumika barabarani. Maneno hayo, wakati wote, ndiyo yanayolifanya kosa hili liwe jepesi kutendeka na gumu kukanusha, kwa kuwa mzozo wa kando ya barabara hauhusu sana kile alichokijua dereva, bali gari lilikuwa katika hali gani lilipokutwa.

Barabara inayotoka Kisarawe mjini kwenda Maneromango, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 50, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa sababu inakutanisha magari ya mjini na mazingira ambayo hayakuandaliwa kwa ajili yake. Imekuwa ikiwekwa lami kwa awamu, kipande baada ya kipande, hivyo gari lililotoka Gongo la Mboto na kupita Pugu kwenye lami safi hujikuta limeingia kwenye changarawe yenye mikunjo kama ya bati, ambako kila kilichofungwa kwa skrubu hutikisika na kila kilicho wazi hupakwa vumbi jekundu. Wanaopita humo hawafuati mambo ya aina moja. Wapo wakazi wa Dar es Salaam wenye mashamba ya mihogo, mananasi na michungwa, wapo wanunuzi wa korosho msimu unapofika, wapo wanaopeleka msiba kwao Uzaramo, na yapo malori madogo aina ya Kirikuu na Canter yanayorudi mjini na shehena iliyofungwa kwa kamba imara kuliko ilivyofungwa milango yao. Wengi wao huvuka mpaka wa mkoa bila kuuona, kwa kuwa kati ya Pugu ya Dar es Salaam na Kisarawe ya Pwani kilicho wazi kwa macho ni msitu wa Pugu na Kazimzumbwi tu.

Mfano mmoja wa kifundi unatosha kuonyesha jinsi kosa linavyozaliwa njiani. Katika magari mengi madogo, taa ya nyuma hutumia balbu moja, ambayo mafundi huiita globu, yenye nyuzi mbili ndani yake: uzi wa wati 5 unaowaka taa za paki zinapowashwa, na uzi wa wati 21 unaowaka kanyagio la breki linapokanyagwa. Nyuzi hizo ni nyembamba, na mtikisiko wa changarawe waweza kuukata mmoja na kuuacha mwenziwe mzima. Dereva anayewasha taa alfajiri, akazunguka nyuma ya gari na kuona wekundu pande zote mbili, huamini kwamba amekwisha kukagua, ilhali uzi wa breki huenda umekatika tangu juzi. Na kwa kuwa hakuna awezaye kukanyaga breki na papo hapo kuitazama taa yake ya nyuma, mtu wa kwanza kuligundua kosa huwa ni askari aliyesimama kando ya barabara, ambaye ameona gari likipunguza mwendo bila taa ya upande wa kushoto kuwaka. Hapo dereva anasema kweli anapodai taa inawaka, na askari naye anasema kweli anapodai haiwaki. Ubishi wa namna hii, ambao kila siku huishia kwenye sauti kubwa, ungemalizwa na mtu wa tatu wa kukanyaga breki wakati wawili hao wakitazama pamoja.

Ugeni wa dereva nao unahitaji kufafanuliwa. Katika nchi kama Marekani, ambako kila jimbo lina sheria zake za vifaa vya magari, dereva aliyevuka mpaka anaweza kukutwa na kosa ambalo kwao si kosa. Kwa dereva wa Temeke au Morogoro anayeingia Maneromango hali si hiyo, kwa kuwa Sura ya 168 ni moja kwa Tanzania Bara yote, na Jeshi la Polisi ni moja, ingawa kila mkoa una mkuu wake wa kikosi cha usalama barabarani na kila wilaya wa kwake. Ugeni wa kisheria hasa humpata dereva wa Zanzibar anayevusha gari lenye namba za usajili zinazoanza kwa herufi Z, kwa sababu polisi ni jambo la Muungano lakini usafiri wa barabarani si la Muungano, na Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Humpata vilevile dereva wa Kenya aliyepita Namanga au Horohoro, anayejikuta chini ya sheria iliyotungwa na Bunge lisilo lake. Kwa wengine wote ugeni ni wa masafa: mtu haijui njia, hamjui fundi wa karibu wala duka la vipuri lililo wazi siku ya Jumapili, na zaidi ya yote hakai karibu na mahakama itakayosikiliza shauri lake endapo atakataa kulipa.

Utaratibu wenyewe, tangu ulipohamia kwenye mashine za kielektroniki, ni mfupi. Askari huingiza namba ya usajili wa gari na namba ya leseni katika mashine ndogo ya mkononi, huchagua kosa, na mashine hutoa karatasi yenye namba ya malipo, maarufu kama kontrol namba, ambayo dereva huilipia benki au kwa simu ya mkononi kupitia mfumo wa malipo ya serikali. Faini ya kosa moja kwa gari ni shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji, bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22 iliishusha kutoka kiwango hicho hadi shilingi 10,000, hatua iliyopokelewa kwa shangwe vijiweni. Asiyelipa katika muda uliowekwa huongezewa robo ya faini, ndiyo maana tarakimu ya 37,500 inafahamika sana kwa wenye magari, na deni hubaki kwenye kumbukumbu za gari hata likisafiri hadi Kigoma. Karatasi yenyewe ni ile laini inayochapwa kwa joto bila wino, na ikiachwa juu ya dashibodi kwenye jua la Pwani maandishi yake hufifia kabla ya juma kwisha. Dereva mwangalifu huipiga picha papo hapo.

Lipo jambo katika utaratibu huo linalostahili kulaumiwa kuliko urefu wa mkono wa askari yeyote, nalo ni usawa wa bei. Balbu moja iliyoungua njiani, pembetatu iliyosahauliwa nyumbani, na tairi kipara linaloweza kupasuka kwenye mteremko na kuua watu vyote vina faini ileile. Sheria inayotoza sawa kwa hatari zisizo sawa humfundisha dereva kuiona faini kama ushuru wa kupita, si kama onyo juu ya chombo chake. Na kwa kuwa kila kosa huhesabiwa peke yake, gari kuukuu lililosimamishwa mara moja laweza kuondoka na deni la shilingi 90,000 kwa mambo matatu ambayo fundi mmoja angeyamaliza kwa saa moja. Kenya, katika kanuni zake za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, iliandika jedwali linalotofautisha faini kwa uzito wa kosa. Kanuni hizo nazo zimekuwa na safari ndefu ya ubishi mahakamani, lakini wazo la kutofautisha halikuwa na kasoro.

Kukataa kosa ni haki, na haki hiyo haitolewi kwa hisani ya askari. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki za binadamu iliyoingizwa mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Kifungu cha 95 cha Sura ya 168, kinachohusu taarifa ya kosa, kimejengwa juu ya hiari: anayekubali hulipa kiwango kilichowekwa bila kufika mahakamani, na asiyekubali hungoja shauri lake lisikilizwe. Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo madereva wengi hulikosea, yaani kulipa kwanza kwa nia ya kulalamika baadaye. Kwa mantiki ya utaratibu huu, kulipa ni kukiri, na aliyekwisha kukiri hana shauri la kulifungua tena kwa urahisi. Anayetaka kupinga anapaswa kusema mapema, kwa adabu na kwa maneno yasiyo na utata, kwamba hakubali kosa na anaomba lipelekwe mahakamani.

Hapo ndipo masafa yanapogeuka kuwa sehemu ya adhabu. Shauri la kosa lililotendeka Maneromango lina nyumbani kwake, na nyumbani hapo ni wilayani Kisarawe, si Kinondoni anakolala dereva wala Tanga alikosajili biashara yake. Siku ya kwanza husomwa shtaka na mshtakiwa hukana. Siku ya pili hutakiwa shahidi, ambaye ni askari mwenye zamu zake na pengine amekwisha kuhamishwa. Siku ya tatu shauri laweza kuahirishwa tena kwa sababu ambayo hakuna wa kulaumiwa kwayo. Kwa mkazi wa Kisarawe mjini safari hizo ni za miguu au za bodaboda, kwa dereva wa Dar es Salaam ni siku tatu za kazi zilizopotea, na kwa dereva wa lori la kutoka Mombasa ni jambo lisilofikirika. Tena mahakama haifungwi na ile shilingi 30,000. Ikimtia hatiani hupima adhabu kwa sheria yenyewe. Kwa hesabu hiyo asiye na kosa lakini anayeishi mbali hulipa, na mwenye kosa anayeishi karibu aweza kubisha, na ni vigumu kuuita mpangilio huo haki hata kama kila aliyehusika amefuata kitabu. Kwa anayeamua kwenda, mambo mawili yamepunguza ugumu: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, hivyo shtaka husomwa kwa maneno anayoyaelewa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo ya msingi ya sheria na wanaofanya kazi hadi wilayani, ambao humweleza mtu taratibu bila malipo ya uwakili.

Kwa kuwa mgeni hawezi kurudi kila wiki, ushahidi wake unapaswa kukusanywa kabla gari halijaondoka pale liliposimamishwa, na aina ya kosa ndiyo inayoamua ushahidi uwe upi. Kosa la kitu kutokuwamo, kama pembetatu au mtungi wa zimamoto, halina ubishi mrefu, kwani kitu kipo au hakipo. Anayekuwa nacho hukitoa akakionyesha, na asiyekuwa nacho, hata kama amekiacha kwenye gari jingine, hana la kusema. Vifaa hivi ndivyo vinavyomnasa sana mwenye gari la kuazima, ambaye amekagua mafuta na maji ya rejeta na hakufungua buti.

Kosa la kitu kuharibika, kama taa, ni la kati, na ndilo linalofaa video kuliko picha, kwa sababu taa ya breki haina maana mpaka kanyagio likanyagwe. Video inayoanza na namba ya usajili, ikapita kwa askari na mazingira ya mahali bila kukatwa, kisha ikaonyesha taa zote zikiwaka mtu mwingine anapokanyaga breki, ina uzito ambao maelezo ya mdomo hayana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo, ila uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, ndiyo maana simu iliyochukua video ihifadhiwe na faili lile la mwanzo lisifutwe kwa kudhani kwamba nakala iliyotumwa WhatsApp inatosha. Kurekodi kwenyewe hakuna haja ya kuwa kwa ugomvi. Dereva anayemwambia askari, "Afande, naomba nirekodi taa hizi kwa ajili ya kumbukumbu zangu," hupata ushirikiano zaidi ya yule anayemsogezea simu usoni.

Kosa la tatu ndilo lenye utajiri wa hoja, nalo ni lile linalotegemea makadirio ya jicho: tairi limekwisha au halijaisha, kioo kimepasuka kiasi cha kuzuia kuona au ni alama tu ya kokoto, breki zinashika au hazishiki. Hapa askari hatoi taarifa ya alichokiona tu bali anatoa maoni, na maoni hupingwa kwa kipimo. Ndani ya mifereji mikuu ya tairi la gari dogo mna vijibonge vya mpira, vilivyowekwa na kiwanda kulizunguka tairi katika sehemu kadhaa, vyenye kimo cha milimita 1.6 kutoka chini ya mfereji. Mpira wa juu ukilingana na vijibonge hivyo, tairi limefika kikomo kilichokusudiwa na watengenezaji, na ukiwa bado umevizidi, neno kipara halijathibitika. Picha ya karibu ya mfereji huo, ikiwa na sarafu au rula kando yake, husema zaidi ya nusu saa ya kubishana. Kwa breki na usukani kuna jicho la kitaalamu zaidi, yaani askari mkaguzi wa magari, ambaye huandika matokeo yake katika fomu ya polisi namba 93, fomu ambayo wengi huifahamu kutokana na ajali. Tofauti kati ya askari wa zamu aliyetikisa usukani kupitia dirishani na mkaguzi aliyelala chini ya gari ni ya msingi, na wakili yeyote angeanzia hapo kuhoji.

Nchi nyingine zimelitazama kosa la vifaa kama jambo la kurekebishwa kabla ya kuwa jambo la kuadhibiwa. Katika jimbo la California nchini Marekani, dereva aliyekutwa na taa mbovu hupewa hati inayomtaka atengeneze, aonyeshe gari kwa ofisa anayeruhusiwa, ambaye si lazima awe yule aliyemsimamisha, kisha apeleke hati iliyosainiwa mahakamani pamoja na ada ya dola 25, na kosa hufutwa. Uingereza polisi wake wana mpango unaofanana na huo, ambao humpa dereva siku 14 za kutengeneza na kuthibitisha kwa karakana inayotambuliwa. Mipango yote miwili ina faida ambayo mtu wa Maneromango angeiona mara moja: inauondoa umbali. Dereva hutengeneza anakoishi, kwa fundi wake, na anayethibitisha ni ofisa au karakana ya karibu naye, na lengo la sheria, ambalo ni taa kuwaka, hutimia. Tanzania onyo la mdomo lipo, na askari wengi hulitumia kwa busara, lakini linategemea hali ya moyo wa mtu na siku yenyewe, na mgeni ndiye mwenye nafasi ndogo ya kulipata kwa sababu hana anayemjua. Mashine ileile inayotoa namba ya malipo ingeweza kutoa hati ya matengenezo yenye tarehe, na askari wa Chang'ombe au Kibaha Maili Moja akaifunga baada ya kuiona taa. Haihitaji jengo jipya wala tume.

Pasipo njia hiyo ya katikati, pengo kati ya kulipa 30,000 na kufuata shauri hujazwa na kitu kingine, na kila mtu anajua kitu hicho huanza kwa maneno gani. Pesa inayotolewa bila namba ya malipo si faini, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa sawa na anayepokea. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Zaidi ya hayo, aliyetoa "ya maji" kwa ajili ya taa bado ana taa mbovu, na kizuizi kingine kipo kilomita chache mbele.

Lipo tabaka la mwisho la mkasa huu, ambalo hujitokeza miezi mingi baada ya safari. Deni hushikamana na namba ya usajili, na gari linapotaka kuuzwa mnunuzi mjanja huiingiza namba hiyo katika mfumo wa polisi kabla ya kwenda Mamlaka ya Mapato kubadilisha umiliki. Kwenye kioo cha simu hutokea mstari mmoja: mahali, kosa, faini 30,000, nyongeza 7,500, haijalipwa. Mmiliki anayekaa Mbagala, ambaye hajawahi kufika Maneromango, humpigia deiwaka, yaani dereva wa kuitwa kwa siku, aliyeliendesha gari siku ile kupeleka watu msibani. Na deiwaka, ambaye karatasi yake ilififia juani zamani, hujibu kwamba taa ile ilikuwa inawaka tangu walipotoka Gongo la Mboto, yeye mwenyewe alizunguka nyuma akaiona.